Hilo Lori ni la Mwaka Gani?

Leo nimekuja na picha. Najua, kuleta picha redioni ni kama kumletea kipofu kioo, lakini nivumilie, nitakuonyesha kwa mdomo.

Ni picha ndogo, nyeusi na nyeupe, kingo zake zimekatwa kwa mawimbi kama biskuti. Marehemu baba amesimama mbele ya lori, mguu mmoja juu ya bampa, kofia imeinamia jicho la kushoto. Amebeba mtoto mchanga aliyeviringishwa shuka hadi kidevuni. Lori lenyewe limejaa nyuma yake, uso mpana, taa mbili kama macho ya mtu aliyeamshwa usiku. Juu ya rejeta mkunjo wa karatasi umepita na kufuta kila kitu. Nyuma ya picha pameandikwa neno moja kwa penseli: Iringa. Mwaka haupo.

Kaka yangu mkubwa, aliyezaliwa 1954, ameitundika picha hiyo sebuleni kwake kwa miaka isiyopungua thelathini. Mgeni hajakaa vizuri, anaonyeshwa ukutani: "Huyu mzee, na huyu ni mimi." Shangazi alikwisha kuthibitisha kwamba mtoto ni yeye, na shangazi akithibitisha jambo, nani wa kubisha?

Nilibisha mimi, na wala sikukusudia. Nilitengeneza nakala ya picha nikaipeleka Ipogolo, pale chini ya mji wa Iringa, barabara kuu inapopita kuelekea Mbeya. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: baba alikuwa akifanya kazi kwenye lori gani. Alianza akiwa tandiboi, akaishia kuwa dereva, na alipokuwa hai sikuwahi kumuuliza. Mtoto hamuulizi baba yake jina la lori. Ni lori la baba, basi.

Pale Ipogolo pana kibanda cha spea, na mbele yake benchi. Kwenye benchi hilo hukaa wazee ambao kazi yao kwa sasa ni kubishana. Siku ile walikuwa watatu. Mmoja dereva mstaafu, mmoja fundi ambaye bado ana mafuta meusi ndani ya mikunjo ya vidole ingawa anasema ameacha kazi, na wa tatu alitumika shamba la mkonge huko Kimamba. Nikawapa picha. Walipokezana kama watu wanaopokezana mtoto.

Dereva akasema, "Leyland hiyo."

Fundi akacheka. "Leyland wapi? Albion."

Yule wa Kimamba aliivuta picha, akaisogeza mbali na macho, akairudisha. "Dodge. Nimeendesha Dodge yenye uso huu huu miaka minne, nikibeba mkonge. Mtanifundisha nyie?"

Msikilizaji, nilidhani wawili wanakosea na mmoja amepatia. Nilipochimba, nikakuta kwamba kwa uso ule wote watatu wamepatia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni hizo tatu za Uingereza ziliamua kutumia kichwa kimoja cha lori, kilichotengenezwa na karakana ya Motor Panels ya mji wa Coventry. Wenyewe walikiita LAD, yaani herufi za mwanzo za Leyland, Albion na Dodge. Kichwa kimoja, majina matatu. Kila kampuni iliweka urembo wake puani na injini yake chini, lakini ukilitazama kwa mbali, au kwenye picha iliyokunjika, ni kama kutazama mapacha watatu waliovalishwa sare.

Na hapo ndipo utambuzi wa magari ya zamani unapokuwa utamu na ugomvi kwa wakati mmoja. Jina la lori ndilo huwa la kwanza kuondoka. Herufi za chuma hulegea kwa mtikisiko, moja inadondoka Mikumi, nyingine Makambako, baada ya miaka mitano Leyland inabaki "LEY" tu. Ubavu nao hausaidii, kwa sababu malori mengi na karibu mabasi yote ya enzi hizo yalishuka bandarini yakiwa chasisi na injini, pengine na kichwa, na bodi ikachongwa hapa hapa na mafundi seremala. Ukienda Unguja hadi leo unaweza kukutana na gari la shamba lenye bodi ya mbao, abiria wamekaa mabenchi ya pembeni, mikungu ya ndizi juu ya keria. Ubavu ule ni mkono wa seremala wa Kizanzibari. Ukitaka kujua aliyeizaa chasisi, zunguka mbele, au piga magoti utazame magurudumu.

Magurudumu, kweli. Fundi wa Ipogolo aliniambia jambo ambalo nilikwenda kuhakikisha. Malori mengi ya Kiingereza ya wakati ule, nati za magurudumu ya upande wa kushoto zilifungwa kinyume. Upande wa kulia unafungua kama kawaida, upande wa kushoto unafungua kwa kuzungusha spana kule ambako kwingine ni kukaza. Sababu yake ilikuwa kwamba gurudumu likizunguka lisije likazilegeza nati zenyewe. Tandiboi mgeni alikuwa anapata pancha ya kushoto, anaruka juu ya spana kwa miguu miwili akidhani anafungua, kumbe anakaza, mpaka stadi inakatika. "Hapo," alisema fundi, "ndipo unajua kama huyu mtu ni tandiboi au ni abiria aliyepewa kazi."

Na hendeli je? Wasikilizaji wa umri wangu mmeiona. Ile fimbo ya chuma iliyopinda mara mbili, unaichomeka puani mwa gari la petroli asubuhi ya baridi, unazungusha mpaka injini inakohoa. Wazee wote watatu, bila kuulizwa, walinyoosha mkono kunionyesha namna ya kuishika: dole gumba linalala upande mmoja na vidole vingine, halizunguki kuikumbatia. Injini ikipiga kinyume, hendeli inarudi kwa nguvu, na dole gumba lililokumbatia huvunjika. Yule dereva dole lake la kulia halinyooki. Sikumuuliza, naye hakueleza.

Basi tukaacha picha kidogo, wakaingia kwenye kumbukumbu, na huko hawakubishana hata kidogo, kwa sababu walifika kwenye Fiat.

Fiat 682. Kama hukuliona lori hili, pole. Lilianza kutengenezwa Italia mwaka 1952, na Waitaliano wenyewe walikuja kulipa jina la mfalme wa Afrika. Lilikuwa na kichwa bapa kisicho na pua mbele, na kwenye uso, kushoto na kulia ya nembo, mapambo ya chuma kama masharubu yaliyochanwa vizuri. Mtoto aliyelichora kwa mkaa ukutani aliweza kusahau taa, masharubu hakuyasahau. Na usukani wake ulikuwa kulia, jambo lililotufaa sisi tunaopita kushoto. Kumbe Waitaliano hawakuufanya hivyo kwa ajili yetu. Ingawa kwao wanapita kulia, malori yao makubwa ya zamani yalikuwa na usukani kulia ili dereva aone ukingo wa barabara anapopita kwenye milima. Dereva aliyezoea kupanda mlima Kitonga angewaelewa mara moja.

Fiat hizo zilijaa barabara ya kusini kwa sababu za kisiasa. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyokuwa ikipitisha shaba na mafuta yake huko, ikajikuta haiwezi tena kuutegemea mlango huo. Njia mojawapo ya kuzunguka ilikuwa huku kwetu, zaidi ya kilomita 1,800 kutoka Dar es Salaam hadi kwenye migodi, sehemu kubwa ikiwa ya udongo. Mwaka 1966 ikaanzishwa kampuni ya malori ya Zambia na Tanzania, kwa ubia na Waitaliano, na malori yake yakawa Fiat na matrela yake. Mafuta yanapanda kwenye mapipa, shaba inashuka. Waandishi wa Kiingereza waliiita barabara ile njia ya jehanamu. Masika, lori lilikuwa linaweza kukaa siku nzima kwenye tope la sehemu moja, na lililo nyuma yake vilevile, na la nyuma ya hilo. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipofika Ndola mwaka 1968 mapipa yakapungua. Lami ikafuata, kisha reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Ila mtu wa Ilula au Mafinga aliyezaliwa miaka ile, ukimwambia Zambia, kwanza anasikia mlio wa Fiat ndipo anakumbuka kwamba Zambia ni nchi.

Naam, mlio. Nimesoma wapenzi wa magari ya kale wa Uingereza, ambao huyapaka rangi malori yao na kuyaendesha kwa maandamano kutoka London hadi Brighton, wakijadiliana juu ya taa, vioo na rangi za viwandani. Hongera zao, wana gereji na wana akiba. Sisi malori yetu tuliyauza kwa kilo kwa watu wa vyuma chakavu. Kilichobaki kwetu ni masikio. Dereva wa Ipogolo alifumba macho akanipigia Fiat ikipanda Kitonga kwa gia ya pili, kisha Bedford ya petroli ikipiga filimbi ya gia, kisha Scania ikikata mwendo kwenye mteremko, na wenzake walitikisa vichwa kukubali kila mlio kama watu wanaosikiliza msomaji wa Kurani anayejua herufi zake. Mimi nilisikia mzee anakoroma kwa namna tatu tofauti. Ni ukosefu wangu.

Scania nayo ina siri yake, na nataka uondoke nayo leo kwa sababu ni rahisi. Namba iliyoandikwa puani mwa zile za zamani si ya urembo. Tarakimu za mwanzo ni ukubwa wa injini kwa lita, ya mwisho ni mzao. Kwa hiyo 110 ni injini ya lita 11, mzao wa mwanzo, iliyotoka mwaka 1968. Ikafuata 111 katikati ya miaka ya 1970, 112 miaka ya 1980 ilipoanza, 113 ilipokaribia kwisha. Ile 82 ni lita 8, na 93H, ambayo wengi mmesafiri nayo mkiwa mmekaa juu ya injini karibu na dereva kwa nauli ya nusu, ni lita 9. Ukikuta picha ya harusi na nyuma ya bibi harusi pana Scania 111, usikubali kuambiwa ni harusi ya 1970. Nyingi ya hizo ziliunganishwa hapo Kibaha, kwenye kiwanda cha TAMCO, na hadi leo watu wanashuka kituo cha TAMCO bila kujua kwamba wanashuka kwenye jina la malori.

Mabasi nitayapitia haraka, yanastahili jioni yao wenyewe. Dar es Salaam mwaka 1974 kampuni ya DMT iligawanywa, UDA ikachukua mji, KAMATA ikachukua safari za mikoani. UDA ndiyo iliyotuletea Ikarus za Hungaria, zile ndefu zenye kiungo cha mpira katikati kama kinanda cha mkono, tukaziita kumbakumba. Kwenye kona, watoto waligombea kusimama pale kwenye kiungo, sakafu inapozunguka. Na wale wanaosema "Leyland CD" bila kujua CD ni nini: ni Clydesdale, aina ya farasi wa Scotland, wale wenye manyoya miguuni, wavuta mizigo. Lilikuwa jina la chasisi ya Albion, na Albion ni kampuni ya Glasgow iliyoanzishwa 1899. Leyland waliinunua 1951, na 1972 wakalifuta jina lake, magari yaleyale yakaendelea kutoka yakiitwa Leyland. Ndiyo maana mabishano ya Leyland na Albion hayaishi.

Na vigari vidogo? Hivyo vimetuingia mpaka kwenye ulimi. Arusha na Moshi wamepanda vifodi bila kufikiria kwamba wanamtaja Henry Ford. Dar walipanda chai maharage, abiria wamekaa kwa kutazamana kama walio kwenye meza ya mgahawa. Nairobi wanapanda matatu, kutokana na nauli ya zamani ya mapeni matatu. Nyingi za mwanzo zilikuwa pijo za kubebea mizigo na vigari vya Ford vilivyotobolewa madirisha, zikikimbia polisi hadi Rais Kenyatta alipoziruhusu kubeba abiria mwaka 1973. Vyombo vyenyewe vimekwisha kuyeyushwa vikawa nondo. Nyumba yako huenda ina kipande cha kifodi ndani ya nguzo.

Turudi kwenye picha yangu. Kabla sijaondoka, fundi aliniita pembeni. Akaniambia, "Kama ni Albion, hapa juu ya rejeta pangekuwa na nembo ya jua linalochomoza. Albion zote zilikuwa na jua. Lakini huu mkunjo wako ndio umelifunika." Kisha akaongeza, kama mtu anayesema jambo dogo, "Ila kwa vyovyote, kichwa hiki hakijafika duniani kabla ya 1957."

Nilifika barabarani nikasimama. 1957. Kaka yangu alizaliwa 1954. Mtoto wa kwenye picha hajaota hata jino.

Sikulala na jambo hilo, nilimpigia kaka usiku ule ule. Alinyamaza kwa muda nikadhani simu imekatika. Kisha akasema wazee wa Ipogolo wanakunywa sana. Nikampigia dada, wa 1960, anayemfuata. Yeye alicheka mpaka akakohoa. "Tangu niko darasa la tatu nasema yule mtoto ana masikio yangu," akasema. "Nani alinisikiliza?"

Ikabidi twende kwa shangazi, Ilula, ili haki itendeke. Alikuwa uani anachambua vitunguu, ungo mapajani.

"Kamwene, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kaeni, msisimame kama wadai."

Nikamweleza habari ya kichwa cha lori, ya Coventry, ya 1957. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kumenya kitunguu chake. Kisha akasema, "Basi hilo lori ndilo linalosema uongo. Mimi mtoto nilimbeba kwa mkono wangu."

"Ulimbeba yupi, shangazi?" akauliza dada, kwa adabu kabisa.

Shangazi hakujibu. Ili kuokoa mazungumzo, nikamwambia kwamba wazee wenyewe hawaelewani, mmoja anasema Leyland, mwingine Albion, mwingine Dodge.

"Mimi majina hayo siyajui," akasema. "Sisi tulikuwa tunaliita gari la jua."

"La jua?"

Akafuta kidole kwenye khanga, akakiweka juu ya picha, pale pale kwenye mkunjo. "Hapa. Palikuwa na jua linatoka. Kaka alikuwa ananipa kitambaa nalisugua asubuhi kabla hawajaondoka, mpaka linang'aa. Halafu ananipa senti kumi. Siku akiwa hana, naliacha na vumbi lake."

Nilimpigia fundi wa Ipogolo nikiwa bado uani. Alifurahi, akapaza sauti ili wote benchini wasikie. Albion! Dereva nilimsikia akikubali kwa shingo upande. Yule wa Kimamba aliomba simu apewe yeye. Akanisalimia vizuri, akauliza afya ya shangazi, akamsifu kwa kumbukumbu.

"Ila hebu muulize," akasema, "nati za kushoto walikuwa wanazifungua kwa upande gani?"